Ombi la hifadhi likikataliwa, mahakama huangalia nini?

BARUA inayomwarifu mgeni kwamba ombi lake la hifadhi limekataliwa si mwisho wa mambo. Sheria za Kenya humpa nafasi ya kuupinga uamuzi huo kabla ya kurudishwa katika nchi aliyoitoroka.

Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, maombi huamuliwa na Kamishna wa Wakimbizi. Asiyeridhika hukata rufaa kwanza mbele ya kamati maalum ya rufaa, na akishindwa huko huelekea Mahakama Kuu.

Wengi hudhani jaji ndiye atakayemtangaza mtu kuwa mkimbizi. Mara nyingi sivyo. Mahakama inapouchunguza uamuzi wa serikali, huuliza namna ulivyofikiwa: Je, mwombaji alisikilizwa? Alielezwa sababu za kukataliwa? Je, afisa alikuwa na mamlaka hayo, na aliupima ushahidi bila upendeleo?

Maswali hayo yanatokana na Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia halali na ya busara, na kupewa sababu kwa maandishi anapoathiriwa na uamuzi wa serikali. Kasoro ikipatikana, jaji anaweza kuufutilia mbali uamuzi huo na kuagiza ombi lisikizwe upya.

Lililo zito zaidi ni marufuku ya kumrudisha mtu hatarini, iliyomo katika Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Mkataba huo unaruhusu hali chache za kumwondoa mkimbizi, kwa mfano anapohatarisha usalama wa nchi. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1997, hauruhusu hali yoyote. Hata aliyenyimwa hadhi ya ukimbizi hafai kupelekwa anakokabiliwa na mateso.

Majaji wa Kenya wamewahi kuitumia kanuni hiyo dhidi ya maagizo yaliyogusa umma mzima wa wakimbizi. Julai 2013, Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini. Februari 2017, ilibatilisha agizo la kuifunga kambi ya Dadaab.

Hata hivyo, ushindi si jambo la hakika. Mwaka 2014, mahakama hiyo hiyo ilitupilia mbali kesi iliyopinga agizo jingine la kuwataka wakimbizi warudi kambini.

Tofauti na kesi nyingi, hapa wakati ndio kila kitu. Aliyenyimwa leseni kimakosa aweza kupewa baadaye. Aliyekwisha kuvushwa mpaka na kutiwa mikononi mwa watesi wake, hukumu ya Nairobi haimfikii. Ndiyo maana mawakili huomba kwanza amri ya muda ya kusimamisha safari hiyo hadi kesi isikizwe.

Kwa hivyo aliyekataliwa anapaswa kuitunza barua ya uamuzi, kukumbuka tarehe aliyoipokea, na kutafuta wakili upesi. Muda wa kukata rufaa huhesabiwa kwa siku, na mashirika kama Kituo cha Sheria huwasaidia wakimbizi wasio na uwezo.