Umeme wa Jua Ufipa, na Funzo Lake Kwetu

Huenda mwanachama akauliza: Sumbawanga iko mbali na mashamba ya karafuu, habari zake zatuhusu nini? Zatuhusu sana, kwani katika jambo la umeme watu wa Ufipa na sisi wa visiwani tumepanda chombo kimoja. Wote tumeishi kwa waya utokao kwa jirani.

Waya wetu hupita chini ya bahari. Wa Unguja ulilazwa mwaka 1980, ukaongezwa mwingine mkubwa zaidi mwaka 2013. Na Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010. Hapana aliyesahau giza la mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, pampu zikasimama na maji yakawa shida. Sumbawanga nayo, kwa miaka mingi, ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikinunua umeme wake Zambia. Umeme mwingi wa Zambia ni wa nguvu ya maji. Mwaka 2015, na tena mwaka 2024, mvua ilipokuwa haba na bwawa la Kariba likashuka, Wazambia wenyewe waligawiwa umeme kwa zamu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Serikali imeanzisha ujenzi wa njia kubwa ya umeme, ya kilovolti 400, kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Ni jambo jema. Lakini waya mkubwa hufika mjini kwanza, na vijiji vya mbali husubiri. Ndipo Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, ulipoanzisha mpango wa umeme wa jua katika vijiji vya Sumbawanga, kwa fedha za Benki ya Dunia. Shule na zahanati za vijiji vingi zilifungwa pamoja katika mkataba mmoja. Mwenye kupewa mkataba hakutakiwa afunge vyombo kisha aende zake. Alitakiwa pia avitunze, na awauzie wananchi vyombo vya majumbani.

Huo ndio moyo wa mpango, nasi twataka wanachama wauangalie vema. Mara nyingi vyombo vya umeme wa jua havifi kwa kukosa jua. Hufa kwa kukosa fundi. Betri hukaushwa kila usiku mpaka ikachoka, vumbi hujaa juu ya paneli, waya mmoja hulegea. Na mkunga hurudia kibatari ilhali paneli iko juu ya paa.

Ufipa una bahati ya mahali. Nyanda zake zina kimo cha kama mita 1,800, na wakati wa kiangazi mbingu huwa nyeupe. Wengi hudhani paneli hutaka joto, kama karafuu juu ya jamvi. Sivyo. Paneli hutaka mwanga. Joto likizidi, nguvu yake hupungua. Kwa hiyo baridi ya Sumbawanga ni faida. Kwetu, sharti paneli iachiwe nafasi kati yake na bati ili upepo upite, na vyuma vyake vilindwe na hewa ya chumvi.

Bei nayo imesaidia. Kati ya mwaka 2010 na 2020 bei ya paneli duniani ilishuka kwa takriban asilimia 90. Basi kununua si kizuizi kikubwa kama zamani. Kizuizi ni ufundi. Hapo ndipo zilipo kazi ziitwazo siku hizi kazi za kijani, yaani kazi zimpazo mtu riziki bila kuharibu ardhi wala miti: kufunga, kutengeneza, kuuza vipuri, kuchaji simu, kuendesha pampu ya maji.

Ufipa wenyewe wajua gharama ya kupoteza ufundi. Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri, wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu kuliko kimo cha mtu. Yalipokuja majembe ya kiwandani, kazi ile ilikwisha. Majembe yalibaki kununuliwa. Ujuzi ukaenda kaburini na wazee. Tukinunua paneli bila kufunza mafundi, nasi twanunua majembe.

Kwa bahati, mlango uko karibu. Kinyasini, Unguja, kiko chuo cha Barefoot, kilichofuata mfano wa kile cha Tilonia, India, kilichoanzishwa mwaka 1972. Hufundisha kina mama wa vijijini, wengine wasiosoma sana, kufunga na kutengeneza vyombo vya umeme wa jua, kisha wakarudi kuwahudumia majirani zao. Mama hahamii mjini upesi kama kijana. Ufundi wake hubaki kijijini.

Basi mwanachama atakaye kununua aulize kwanza: nani atakuja betri ikizimika? Yuko umbali gani? Na betri iliyokufa itapelekwa wapi, kwani risasi iliyomo ndani ni sumu, haifai kutupwa shambani? Asiyepata majibu na angoje. Na kijiji kisicho na fundi kichague mtu wake wa kwenda kujifunza, kabla ya kuchagua paneli.