Kutoka Kwenye Bodi Hadi Makupa

Siku ya mtihani wa udereva nchini Kenya, mtahiniwa hashiki usukani kwanza. Husimamishwa mbele ya bodi: mji mdogo wenye barabara, raundabauti, makutano na maegesho, pamoja na kigari cha kuchezea kinachoenea kiganjani. Mtahini wa NTSA, mamlaka ya kitaifa ya uchukuzi na usalama barabarani, humwambia atoke hapa aende kule, apinde, aegeshe. Naye hukisukuma kigari kwa vidole huku akitaja kila hatua. Wapo wanaofika pale wamekariri njia nzima kama dua, kisha mtahini akibadilisha mahali pa kuanzia tu, ulimi unakwama.

Wanafunzi wengi huidharau bodi kwa kuwa inafanana na mchezo wa watoto. Wanaikosea. Aliyeketi nyuma ya usukani huona kipande tu cha barabara, kile ambacho lori la mbele halijakiziba. Kwenye bodi anauona mji wote kwa mara moja, na sababu ya kila sheria inakuwa wazi. Chukua raundabauti. Kenya huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo magari huuzunguka mviringo kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Aliyemo ndani humtokea anayeingia kwa upande wa kulia, ndiyo maana wa kulia hupishwa. Anayetaka kupinda kushoto hushika njia ya kushoto. Anayetaka kulia huwasha indiketa ya kulia mapema, huambaa na kitovu, na akishapita njia iliyo kabla ya yake huwasha ya kushoto ili atoke. (Tanzania raundabauti huitwa kipilefti, jina lililozaliwa na kibao cha Kiingereza kilichomtaka dereva abaki kushoto. Sheria nzima imo ndani ya jina!)

Mazoezi ya bodi hayahitaji bodi. Mwanafunzi anaweza kuchora kwenye karatasi barabara za mtaa wake mwenyewe, akatumia kizibo cha soda kuwa gari. Zoezi bora zaidi ni kusimama kando ya raundabauti ya kweli, kama ile ya Makupa pale Mombasa, nusu saa hivi, akitaja kimoyomoyo kila gari linaloingia lilipaswa kushika njia ipi na indiketa ipi. Ataona makosa mengi ya madereva wenye leseni, na kila kosa litamkaza sheria kichwani kuliko kurasa kumi za kitabu.

Barabarani, adui wa kwanza wa mtahiniwa ni klachi, hasa kwenye mwinuko. Yeyote aliyewahi kusubiri feri ya Likoni kwenye mteremko ule, gari jingine likiwa limemgusia nyuma, anaujua wasiwasi wake. Kinachotokea chini ya miguu ni rahisi kueleza. Injini inazunguka muda wote, magurudumu yamesimama. Klachi huviunganisha viwili hivyo kwa msuguano, bati likijibana na gurudumu zito la injini. Mguu ukiachia ghafla, injini inabebeshwa uzito wa gari kwa mpigo, na gari linazima. Ukichelewa kuachia huku breki imeshatolewa, gari linarudi nyuma.

Siri iko katikati, pale klachi inapoanza kushika. Gari lenyewe hutoa habari: mlio wa injini hushuka kidogo, pua huinuka, usukani hutetemeka. Mguu ukae hapo hapo. Mafuta yaongezwe kidogo, handbreki iteremshwe, gari litasonga bila kurudi hata inchi. Kila gari hushika mahali pake, na ndiyo sababu mwanafunzi afanye walau somo moja la mwisho katika gari lile lile atakalotahiniwa nalo.

Macho ndiyo yanayobaki, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtahini aliyeketi kiti cha abiria hawezi kuyaona macho ya mtahiniwa barabara. Anachokiona ni kichwa chake. Wakufunzi wengine hufundisha wanafunzi wageuze shingo kwa maonyesho. Ushauri huo ni wa hatari, kwa sababu tuktuk inayojipenyeza kushoto wakati gari linapinda kushoto ni tuktuk ya kweli yenye abiria. Kioo cha pembeni kilichobinuka huonyesha vitu vikiwa mbali kuliko vilivyo, na kuna eneo karibu na bega ambalo hakuna kioo kinacholifikia. Kioo cha kati, cha pembeni, indiketa, kisha jicho juu ya bega: mpangilio huu ufanywe hata kama barabara ni tupu, mpaka mwili uuzoee.

Mwendo nao una hesabu yake. Mjini kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo gari hukata takriban mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka kati ya magari yaliyoegeshwa, sekunde moja ya kushtuka imekula mita 14 kabla mguu haujagusa breki. Breki zenyewe, kwenye lami kavu, zitahitaji kama mita 14 nyingine. Mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kufunga breki huwa mara nne, si mara mbili.

Aghalabu watahiniwa kadhaa hutumia gari moja kwa zamu, wengine wakisubiri kiti cha nyuma. Anayeingia hukuta kiti kimewekwa kwa miguu ya mwenzake na vioo vimeelekezwa kwa macho ya mwenzake. Avirekebishe vyote bila haraka, afunge mkanda, ahakikishe gia iko huru, ndipo awashe. Na zamu yake ikiisha, akiambiwa asimame kushoto, asisimame papo hapo kwa sababu tu ameamriwa. Apite kivuko cha waenda kwa miguu, apite kituo cha matatu, amalize kona, atafute mahali anapoonekana kutoka mbele na nyuma. Hapo ndipo awashe indiketa ya kushoto, asimame sambamba na ukingo, avute handbreki na kurudisha gia huru, kisha atazame kioo cha kulia kabla hajaufungua mlango.