Ushindi Uliokiua Chama

Kuitwaa serikali ni kazi kubwa. Kubaki chama baada ya kuitwaa ni kazi kubwa zaidi. Twawaambia hayo wanachama wa matawi ya Ilomba na Mbeya nzima, pamoja na wafanyakazi wenzetu, kwa kuwa ndugu zetu Wasomali walituachia somo lisilofaa kupuuzwa.

Mwezi Mei 1943, vijana 13 walikusanyika Mogadishu wakaunda klabu yao. Nchi ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Uingereza, yaliyowaondoa Waitalia mwaka 1941. Mwaka 1947 klabu ile ikawa chama kamili cha siasa, Umoja wa Vijana wa Kisomali, uliojulikana ulimwenguni kwa jina la Somali Youth League. Madai yake yalikuwa matatu: Wasomali waliotengwa na mipaka ya wakoloni waunganishwe, ukabila ukomeshwe, na elimu ienezwe.

Chama hicho kilipinga vikali Italia isirudi. Walakini mwaka 1950 Umoja wa Mataifa uliikabidhi Italia udhamini wa nchi ile kwa miaka 10. Wanachama wakafungwa, wengine wakafukuzwa kazini. Hawakurudi nyuma. Katika uchaguzi wa 1956 walipata viti 43 kati ya 60 vya Wasomali, na Abdullahi Issa, aliyekuwa akikisemea chama mbele ya Umoja wa Mataifa, akawa Waziri Mkuu. Tarehe 1 Julai, 1960, bendera ya uhuru ikapandishwa.

Msomaji wa Nyanda za Juu ataitambua njia hiyo. Tanganyika nayo ilikuwa chini ya udhamini, yetu ukiwa wa Uingereza. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Na katika uchaguzi wa 1958 jimbo letu lilimpeleka John Mwakangale katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Vyama viwili, safari moja.

Basi, Wasomali walikwama wapi? Si katika kushindwa, bali katika kushinda. Serikali ilipokuwa mkononi, chama kiligeuka mlango wa kupitia kwenda kwenye vyeo. Wenye shida na wenye tamaa walikijia pamoja, na aliyekilinda chama hakuwatenganisha. Ukabila uliokatazwa na waasisi ukarudi kupitia dirishani. Katika uchaguzi wa Machi 1969 vyama zaidi ya 60 vilisimamisha wagombea zaidi ya 1,000, vingi vikiwa vya ukoo mmoja tu. Wagombea walitumia fedha nyingi, wakaingia bungeni wakitafuta jinsi ya kuzirudisha.

Chama tawala kilipata viti 73 kati ya 123. Mara wabunge wa vyama vingine wakakikimbilia, kama ule msemo wa kufuata nyuki ule asali, hata akabaki mmoja tu katika upinzani, Abdirazak Haji Hussein, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1964 hadi 1967. Kwa macho, ule ulikuwa ushindi usio na kifani. Tarehe 15 Oktoba Rais Abdirashid Ali Shermarke akauawa kwa risasi. Tarehe 21 jeshi likashika nchi na vyama vyote vikapigwa marufuku. Mapinduzi yale hayakumwaga damu, na raia wengi waliyapokea kwa shangwe. Chama chenye karibu bunge zima hakikupata mtu wa kukililia.

Hilo ndilo la kutisha. Wabunge walikuwapo, mawaziri walikuwapo. Wanachama wa kweli ndio waliokuwa wamekwisha kuondoka mioyoni mwao.

Hatari hiyo iliogopwa hapa kwetu mapema. Tarehe 22 Januari, 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliuacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili arudi kukijenga chama. Wengi walishangaa. Alijua kwamba serikali isiyo na chama hai nyuma yake ni nyumba isiyo na nguzo.

Yatupasa sasa tujiulize. Je, mkutano wa tawi huitishwa ili wanachama waseme, au waambiwe tu? Mama muuza ndizi na kuli wa stoo wakimletea balozi shida zao, husikilizwa, ama hungoja mwaka wa uchaguzi? Anayeomba kadi leo anataka kutumika, au kutumikiwa? Na anayemkosoa kiongozi kikaoni, tunamwita ndugu au adui?

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Idadi ya kura isituleweshe. Ndugu wanachama, chama hulindwa shinani, pale wanapoketi watu wasio na cheo cha kupoteza. Na wao wakikaa kimya, hakuna wingi wa viti utakaokiokoa.