Kisigino kinauma ukiamka asubuhi? Soma hapa kabla hujachomwa sindano

Huku kwetu Mbulu na Hanang mnajua kukimbia siyo mchezo tu, ni kutafuta ajira. Ndiko alikotoka mzee John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 goti limefungwa bandeji. Na Gidamis Shahanga wa Katesh, dhahabu ya marathoni, Jumuiya ya Madola 1978. Basi kijana akimaliza form four bila mpango, anavaa raba na kupandisha milima, akiomba timu ya jeshi au polisi imwone.

Jamaa yangu mmoja alifanya hivyo. Ndani ya mwezi akatoka kilometa 5 hadi 15 kwa siku, na raba zenyewe za mtumba, soli imekwisha. Ikawa kila asubuhi akikanyaga chini anachechemea kama babu. Akishatembea kidogo maumivu yanapungua, anasema "nimepona", anaenda kukimbia. Jioni yanarudi. Mmoja akamwambia ni gauti, mwingine akasema amekanyaga uchawi. Duka la dawa wao wakamuuzia vidonge wiki hadi wiki.

Sasa sikieni. Chini ya unyayo kuna utando mgumu kama mkanda, unatoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka kwenye vidole. Ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Ukiuvuta kupita uwezo wake, unachanika vipande vidogo vidogo pale unaposhika kwenye mfupa. Usiku umelala, unajikunyata. Hatua ya kwanza ya asubuhi inauvuta ghafla, ndiyo maana unaruka! Kuongeza mazoezi haraka, tafu zilizokaza, uzito mkubwa, na kusimama kutwa na kandambili, vyote vinauchosha. Kwa hiyo mama anayeuza mnadani anaupata sawa na mkimbiaji.

Msichanganye na magaga. Yale ni ngozi kupasuka, yanataka mafuta na kulowekwa. Na kama eksirei ikionyesha kimfupa kimechomoza kisiginoni usitishike, watu wengi wanacho na hawaumwi.

Tiba yake ni ya bure, ila inataka uvumilivu. Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu 10, rudia mara 10. Halafu simama mbele ya ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kisinyanyuke, egemea mpaka tafu ivutike. Hesabu 30, mara 3, asubuhi, mchana na jioni. Jioni bingirisha chupa ya maji baridi chini ya unyayo (Juni na Julai huku kwetu ukiiacha nje usiku tu inatosha, friji ya nini). Vaa kiatu chenye soli nene kisiginoni, hata ndani ya nyumba. Punguza kilometa, na milima iache kwanza.

Ibuprofeni siku chache baada ya kula siyo mbaya, ila kama una vidonda vya tumbo, tatizo la figo au una mimba usiguse bila kumuuliza daktari. Sindano ya kisiginoni inatuliza kwa muda, lakini inaweza kuudhoofisha ule utando hadi ukatike, kwa hiyo isiwe ya kwanza. Wengi wanapona bila kupasuliwa, ila inaweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka.

Nenda hospitali, iwe Haydom au kituo cha karibu, kama uliruka au ukaanguka ukashindwa kukanyaga, kama kumevimba na una homa, kama mguu umekufa ganzi, au maumivu yanakuamsha usiku. Mwenye kisukari asikande kwa jiwe la moto, ataungua bila kujua. Na kama ulichomwa mwiba porini ukabaki ndani, usichokonoe kwa wembe. Ukautolewe na uulizie chanjo ya pepopunda. Mdogo wako wa miaka 8 hadi 14 anayecheza mpira akilalamika kisigino, mara nyingi ni sehemu ya mfupa inayokua. Apumzishwe, siyo kuchapwa kwamba anadeka.

Yule jamaa mwezi wa nne sasa. Asubuhi bado anasikia kidogo, lakini juzi amekimbia kilometa 6 tambarare, raba mpya za mkopo. Majaribio ya mwaka huu yameshampita. Anasubiri ya mwakani, na ukutani anaegemea kila siku.