Chini ya Turubai Bila Chandarua, Mbu Yuko Ndani

Aprili 2020 mto Rusizi ulipofurika na kuifunika Gatumba nchini Burundi, maelfu ya watu walihamia Kigaramango, Kinyinya na Maramvya, wakalala chini ya maturubai. Miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika lenyewe liliendelea kupanda, na kusini zaidi, Rumonge na Nyanza-Lac, maji yakaingia nyumba za mwambaoni. Wapo pia wanaolala nje kwa sababu ya kazi: wavuvi wanaopumzika ufukweni, walinzi wa mitumbwi, wanaolinda ndagala waliotandazwa kukauka. Wote hawa hutunza turubai lao vizuri, wakalikaza kamba na kuchimba mfereji wa maji pembeni. Mvua wameizuia. Mbu hawajamzuia, na mwambao huu ni nchi ya malaria mwaka mzima.

Ukubwa wa tatizo Warundi wanaujua. Machi 2017 serikali ilitangaza kwamba malaria imefikia kiwango cha mlipuko, baada ya wagonjwa wapatao milioni 1.8 na vifo 700 tangu Januari mwaka huo. Mafuriko huongeza hatari kwa namna isiyoonekana mara moja. Maji yanapokuwa mengi na ya kasi huweza kusomba viluwiluwi. Ni yanapopungua, yakiacha madimbwi madogo yanayopigwa na jua, ndipo mbu wa malaria aitwaye Anopheles gambiae anapopata mahali anapopapenda kutagia. Ndugu yake, Anopheles funestus, huchagua maji ya kudumu yenye majani, kama kingo za mabwawa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili tu.

Mbu jike humtafuta mtu kwa kufuata hewa ya kaboni dioksidi tunayoipumua, kisha harufu ya ngozi na joto la mwili. Si mrukaji hodari. Upepo wa wastani tu humshinda. Turubai lililoshushwa pande mbili hukata upepo huo, likakusanya pumzi za waliolala na kumwachia mbu milango miwili iliyo wazi. Na mbu wa malaria hana haraka ya jioni: kwa kawaida huuma zaidi kuanzia saa nne usiku hadi karibu na mapambazuko, wakati usingizi umekolea na mkono hauamki kumpiga.

Kuna utafiti unaofaa kusomwa na kila anayegawa maturubai. Katika kambi za wakimbizi Sierra Leone, watafiti walijaribu maturubai yaliyotengenezwa na kiuatilifu ndani yake. Yalipozungushwa paa na kuta zote, maambukizi kwa watoto yalipungua kwa asilimia 61. Yalipowekwa paani peke yake, kinga ilishuka hadi asilimia 15. Ikiwa turubai lenye dawa halifui dafu likiwa paa tu, la kawaida litafanya nini?

Kwa hiyo kinachookoa ni chandarua chenye dawa kilichofungwa chini ya turubai, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Usikitundike kwenye turubai lenyewe, kwani upepo ukilipiga, chandarua huvutwa na kuchanika. Funga kamba mbili imara kwenye nguzo, au chomeka miti minne kwenye pembe za mkeka, halafu tundika chandarua cha pembe nne kwa vitanzi vyake. Kiwe na nafasi ya kutosha, maana mbu humuuma mtu kupitia matundu iwapo goti au kiwiko kimegusa kitambaa. Pindo lake lazima liingie chini ya mkeka pande zote kabla giza halijashika. Likiachwa linaning'inia juu ya mchanga, kazi yote imepotea. Kagua matundu kwa mwanga wa mchana na uyashone kwa uzi. Ukiweza, inua mahali pa kulala juu ya ardhi, kwa sababu papasi wa kwenye udongo nao huambukiza homa ya kujirudia. Na tafuta mahali penye upepo, ila si ukingoni kabisa, kwani usiku viboko hutoka majini kula majani.

Moshi wa majani hupunguza mbu kidogo, lakini humdhuru mtoto kifuani. Mchaichai ukipakwa ngozini huisha nguvu upesi. Dawa za kupaka zenye DEET ni nzuri kwa saa za jioni kabla ya kuingia kulala, hazifiki alfajiri.

Jambo lenye matumaini zaidi kwangu limetoka Kasese nchini Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba watoto wachanga waliobebwa kwa vitambaa vilivyolowekwa dawa ya permethrin waliugua malaria kwa takriban theluthi mbili pungufu kuliko wenzao ambao vitambaa vyao vililowekwa maji matupu, ingawa makundi yote mawili yalikuwa na vyandarua. Kabla ya hapo, kule Dadaab nchini Kenya, nguo na mablanketi yaliyotiwa dawa hiyo yalipunguza malaria miongoni mwa wakimbizi. Kitenge cha mama hufuata mtoto kila mahali, hata pale ambapo hakuna pa kufunga kamba. Kinastahili kujaribiwa mwambaoni kwetu.

Nimalizie na ziwa. Vyandarua vingi vya mwambao wa Tanganyika huishia kuvulia vidagaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwakuta wanaofanya hivyo kuwa wengi mno katika vijiji ulivyovichunguza. Njaa naielewa. Lakini matundu madogo ya chandarua hukamata hadi samaki wachanga, na dawa yake ni sumu kali kwa samaki. Kwa sababu hiyo hiyo kifue ndani ya beseni, kwa sabuni laini, ukianike kivulini, na maji yake yamwagwe mbali na ziwa.

Kwa idara na mashirika yanayopeleka misaada Rumonge na kwingineko mwambaoni: turubai, chandarua na kamba vitolewe kwa pamoja, siku ile ile, na awepo mtu wa kuonyesha jinsi ya kukifunga.