Mbio za Kuchangia Utafiti wa Kansa: Zinatufundisha Nini Sisi Wafanyakazi?



Kila mwaka mwezi wa Novemba, mji wa New York huko Marekani hufanya mbio za maratoni, yaani kilomita 42 na mita 195. Sisi wa Afrika Mashariki tunazijua mbio hizo kwa sababu ya washindi wetu. Mwaka 1987 alishinda Ibrahim Hussein wa Kenya. Mwaka 1989 alishinda Juma Ikangaa wa Tanzania, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mwaka 1994 Tegla Loroupe wa Kenya akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda huko. Redio ilitangaza, tukashangilia, halafu tukarudi kazini.

Lakini mshindi akishafika, mbio bado hazijaisha. Nyuma yake wanakuja wengine, na siku hizi wanaomaliza hupita 50,000. Kuna makarani, walimu, wauguzi, madereva na mafundi. Hawatafuti nishani. Baadhi yao wamevaa fulana za timu, na kwenye fulana pameandikwa jina la mtu: mama, mtoto, au mwenzao wa kazini. Hao wanakimbia ili kuchangia utafiti wa ugonjwa wa saratani, ambao wengi wetu tunauita kansa. Makala hii inawahusu hao wa nyuma. Nataka kuonyesha kwamba jambo wanalofanya ni lile lile tunalofanya sisi katika chama: mchango mdogo wa kila mtu, ukikusanywa kwa utaratibu na kwa uaminifu, hufanya kazi ambayo mtu mmoja hawezi.

CHANZO CHA TIMU HIZO

Mwaka 1988, baba mmoja wa jimbo la New York, Bruce Cleland, alikuwa na binti aliyeugua kansa ya damu. Alikusanya watu wapatao 38, wakafanya mazoezi pamoja, kisha wakakimbia maratoni ya New York. Kabla ya mbio kila mmoja aliomba mchango kwa jamaa na rafiki zake. Walipata zaidi ya dola 320,000, wakazitoa kwa chama kinachoshughulikia kansa ya damu. Kutokana na hao 38 ilizaliwa timu inayoitwa Team in Training. Tangu wakati huo timu hiyo imekusanya zaidi ya dola bilioni moja.

Mwingine ni Fred Lebow, aliyezaliwa Romania na kuhamia Marekani, akafanya biashara ya nguo. Yeye ni mmoja wa walioanzisha maratoni ya New York mwaka 1970. Mwaka huo kiingilio kilikuwa dola moja. Walianza watu 127, wakamaliza 55, wakizunguka ndani ya bustani ya Central Park. Mwaka 1990 madaktari walimkuta na kansa ya ubongo. Alitibiwa, na mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alikimbia mbio hizo kupita sehemu zote tano za mji. Aliyekimbia naye bega kwa bega ni Grete Waitz wa Norway, mwanamke aliyekuwa ameshinda mbio hizo mara 9. Siku hiyo Waitz hakushindana na mtu. Walitumia saa 5 na dakika 32, wakafika pamoja.

Lebow alifariki Oktoba 1994, wiki chache kabla ya ushindi wa Tegla Loroupe. Timu yenye jina lake, Fred's Team, inaendelea hadi leo kuchangia utafiti katika hospitali ya kansa ya Memorial Sloan Kettering. Waitz naye aliugua kansa. Mwaka 2007 alisaidia kuanzisha kwao Norway shirika la kuwawezesha wagonjwa wa kansa kufanya mazoezi wakati wa matibabu. Alifariki mwaka 2011.

MAZOEZI YAO NI MCHAKAMCHAKA

Mtu asidhani kwamba hao ni wanariadha wa kuzaliwa. Wengi hujiunga hawajawahi kukimbia hata kilomita 5. Timu huwapa kocha na ratiba ya wiki kama 16 hadi 20. Sisi tuliopita shule za msingi tunaujua mchakamchaka wa alfajiri: mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na aliyechoka anavutwa na sauti za wenzake. Mazoezi yao yana mwendo huo huo.

Katikati ya wiki kila mtu hukimbia mbio fupi karibu na kwake. Mwisho wa wiki wanakutana kwa mbio moja ndefu. Umbali huongezwa polepole, na kila baada ya wiki chache hupunguzwa ili mwili upumzike. Mbio ndefu kabisa ya mazoezi huwa kama kilomita 30 au 32. Wiki mbili au tatu za mwisho wanapunguza tena, ili siku ya mbio miguu iwe na nguvu. Mwendo wa kujifunzia ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake. Ukishindwa kuzungumza, umekwenda kasi mno.

Jambo la pili ni ahadi. Nafasi za maratoni hii ni chache kuliko waombaji, kwa hiyo wengi huingia kwa bahati nasibu. Timu za hisani hupewa nafasi zao, na mkimbiaji anayezipata hutia sahihi kwamba ataleta kiasi fulani cha fedha, mara nyingi dola 3,000 au zaidi. Fedha hizo hana mfukoni. Inambidi azunguke kazini, kanisani, kwa majirani, akieleza kwa nini anaomba. Huyu atatoa dola 10, yule dola 20.

Ndugu wanaokusanya michango ya chama mwisho wa mwezi wanaijua kazi hiyo. Mtu hatoi kwa sababu umemwomba kwa sauti kubwa. Anatoa kwa sababu amekuona wewe mwenyewe ukitoa jasho, na anajua risiti yake itaandikwa. Mkimbiaji anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miezi minne amekwisha kutoa kabla hajaomba.

FEDHA ZINAKWENDA WAPI?

Hili ndilo swali la kwanza la mwanachama yeyote, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba utafiti ni kazi, na kazi ina mshahara. Kuna wataalamu wa maabara, wauguzi wanaofuatilia wagonjwa, makarani wa kumbukumbu, mashine na dawa. Dawa mpya hujaribiwa hatua kwa hatua, kwa wagonjwa waliokubali wenyewe, na huchukua miaka mingi. Majaribio mengi hayaleti dawa. Hayo si hasara yote, maana anayejua kwamba njia fulani imefungwa hatapoteza tena muda kuipita.

Natoa mifano miwili ya utafiti. Yote ni ya zamani kuliko timu hizi za mbio, lakini inaonyesha kazi ambayo fedha kama hizo hulipia.

Mfano wa kwanza ni wa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akaona watoto wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika habari za kansa hiyo, ambayo leo ina jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walifunga safari ya wiki 10 kwa gari kuukuu, wakaenda toka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewaona watoto kama hao. Wakagundua kwamba ugonjwa huo umeenea zaidi sehemu za joto na mvua. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona ndani yake virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Kansa ya Uganda hapo hapo Mulago, na kazi iliyofanywa huko ilisaidia kuonyesha kwamba kansa hiyo inaweza kuponywa kwa dawa.

Mfano wa pili unatugusa sisi watu wa chama moja kwa moja. Huko New York na New Jersey kulikuwa na mafundi wa kufunika mabomba na matanki kwa asibesto ili kuzuia joto. Daktari Irving Selikoff alitaka kujua kama vumbi la asibesto linaua. Chama chao cha wafanyakazi kikamfungulia daftari zake. Humo mlikuwa na majina ya wanachama 632 walioingia katika kazi hiyo kabla ya mwaka 1943. Selikoff na wenzake wakamfuata kila mmoja: yuko hai au amekufa, na amekufa kwa ugonjwa gani. Kwa kulinganisha na watu wengine, walitazamia mafundi 6 au 7 wawe wamekufa kwa kansa ya mapafu au ya utando wake. Waliokufa kwa kansa hiyo walikuwa 45. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1964, na baada ya hapo ikawa vigumu kwa mwajiri kusema kwamba vumbi ni vumbi tu.

Tazameni, ndugu. Daftari la michango, lile ambalo wengine hulidharau, ndilo lililotoa ushahidi. Kila jina mle lilikuwa la mtu aliyelipa ada yake.

JE, HII SI KAZI YA SERIKALI?

Wapo wanaosema mbio hizi ni mchezo wa watu walioshiba, na kwamba matibabu ni wajibu wa serikali. Mimi nakubali nusu ya maneno hayo. Miaka ya 1960, mtoto aliyepata ile kansa ya damu inayowapata watoto zaidi alikuwa na nafasi ndogo sana ya kuishi miaka mitano. Leo katika nchi tajiri, karibu watoto 9 katika kila 10 wanaishi. Hayo ni matunda ya utafiti. Lakini katika nchi zetu wengi hufika hospitali wamechelewa, na dawa hukosekana au bei haishikiki. Aprili 2016 mashine ya mionzi ya Mulago, iliyokuwa ya pekee nchini Uganda, iliharibika, na mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Wagonjwa walisubiri, na wenye uwezo wakasafiri.

Kwa hiyo mbio zisiwe kisingizio cha serikali kukwepa bajeti ya hospitali, wala cha mwajiri kukwepa kuondoa vumbi na sumu kazini. Lakini nusu ya pili ya maneno yale siikubali. Mtu anayetoa mchango wake hupata haki ya kuuliza. Waganda wameonyesha njia: tangu mwaka 2012 vilabu vya Rotary huko huandaa mbio za kila mwaka za kuchangia matibabu ya kansa, na fedha zake zimesaidia kujenga wodi ya kansa katika hospitali ya Nsambya. Anayekimbia pale leo, kesho atauliza mbunge wake kwa nini dawa hazipo. Huyo ni raia aliyeamka.

TUNAWEZA KUANZA VIPI?

Tawi lolote linaweza kuunda timu yake. Napendekeza haya:

1. Chagueni kwanza mahali fedha zitakapokwenda, hospitali au taasisi inayofanya utafiti na inayotoa hesabu zake wazi. Msikusanye hata senti kabla ya hapo.

2. Wekeni mweka hazina na mkaguzi, wasiwe mtu mmoja. Kila mchango uandikiwe risiti, na jumla ibandikwe ubaoni.

3. Anzeni kwa kutembea. Wiki za mwanzo tembeeni nusu saa, halafu changanyeni kutembea na kukimbia. Kilomita 5 au 10 zinatosha kwa mwaka wa kwanza.

4. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza. Asiyeweza kukimbia agawe maji au aandike risiti. Huyo naye ni wa timu.

5. Baada ya mbio itisheni mkutano. Mwalikeni daktari au muuguzi aeleze dalili za kansa: uvimbe usioondoka, kidonda kisichopona, damu isiyo na sababu, kukonda ovyo. Kansa nyingi zikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi.

6. Mwakani ulizeni: fedha zetu zimefanya nini? Msipojibiwa, pelekeni kwingine.

Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna anayelijua hilo kuliko mfanyakazi aliyejenga chama kwa ada ya kila mwezi. Basi tawi litakaloanza lituletee habari zake pamoja na hesabu, tuzichapishe katika ukurasa huu, ili wenzetu wa matawi mengine waone na wafuate.