Kazi ya mke nyumbani: kesi ya Bi Hawa ilisema nini hasa?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tunaulizwa mara kwa mara, na dada zetu wa Bara zaidi kuliko wa Visiwani: mke aliyepika, akafua na kulea kwa miaka, akiachwa anatoka na nini zaidi ya matumizi ya eda? Wengi hutaja "kesi ya Bi Hawa" bila ya kujua ilikwendaje. Tumeona tuieleze.

Kesi yenyewe ni Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Rufaa ya Madai Namba 9 ya mwaka 1983, katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na hukumu ilitolewa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Walikuwa mke na mume wa Kiislamu. Walipoachana, Bi Hawa alidai fungu katika nyumba. Mahakama ya Mwanzo ikamwambia kuwa nyumba kainunua mume kwa fedha zake, na yeye ni mke tu. Mahakama Kuu nako hakufanikiwa.

Mzozo ulikuwa juu ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu hiki kinairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na kinaitaka iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Je, kupika na kulea ni "kazi"? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Baadhi walisema huo ni wajibu wa mke wa kawaida, haumpi fungu. Wengine wakasema unampa. Mahakama ya Rufani ilijiuliza sheria ilitungwa kuondoa dhulma gani, ikaamua kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Tangu hapo mahakama za Bara zimekwenda juu ya msingi huo.

Hapa ndipo wengi wanapoghafilika: Bi Hawa mwenyewe alishindwa. Mahakama iliona kuwa mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha mradi wa familia naye akazifuja, basi ikahesabu kuwa fungu lake limekwisha. Aliufungua mlango, wakaingia wenzake. Kwa hiyo anayedhani kuwa kila mke aliyeachwa anapewa nusu ya nyumba hakuisoma hukumu.

Sasa fiqhi inasemaje? Katika madhehebu yetu ya Shafi, mke hawajibiki kumpikia wala kumfulia mumewe. Waume wengi hawapendi kulisikia hili, lakini limo vitabuni. Akifanya, huwa amefanya kwa hisani, na mwenye kutoa hisani hadai ujira baadaye. Mali ya mume ni ya mume na ya mke ni ya mke. Ndoa peke yake haiwafanyi washirika. Kwa hiyo hoja ya mahakama na hoja ya fiqhi hazikutani moja kwa moja, na si uaminifu kumwambia muulizaji kuwa zinakutana.

Lakini wapo wanaokimbilia hapo ili wamtoe mke mikono mitupu, nasi hatukubaliani nao. Mke aliyetoa mshahara wake ukanunua mabati, au aliyekaa dukani kutwa akiuza, hakutoa hisani ya jikoni. Huyo ana mali yake ndani, na kuila ni dhulma. Wanazuoni wa Kimaliki wa Maghrib waliijua haki hii tangu zamani kwa jina la al-kadd was-siaya, yaani jasho na juhudi. Fatwa ya Ibn Ardun juu ya wanawake wa milima ya Ghumara ni mashuhuri. Morocco ya leo imeliingiza jambo hili katika kifungu cha 49 cha sheria yao ya familia ya mwaka 2004. Na juu ya yote ipo mut'a ya aliyeachwa, iliyotajwa katika Suratul Baqarah aya ya 241, ambayo wanaume wetu wameisahau kabisa.

Kwa ndugu zetu wa Zanzibar: Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huku, na mashauri haya huanzia kwa kadhi. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imempa kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mali iliyochumwa ndani ya ndoa, kwa kuangalia mchango halisi wa kila mmoja. Basi dada, risiti ya saruji uliyonunua usiitupe, na unapompa mumeo fedha za ujenzi mwambie mbele ya mashahidi wawili kama ni zawadi, mkopo au ushirika. Akikasirika kwa kuulizwa, ni bora akasirike leo msingi ukiwa bado unachimbwa.

Wallahu a'lam.